Baiskeli ya mtumba ya Kijapani yenye kapu mbele: maoni ya mwalimu wa shule ya msingi Tanga

Wengi mmekuwa mkinisimamisha njiani kuniuliza hii baiskeli yenye kapu nimeitoa wapi na kama inadumu, hasa walimu wenzangu wa kike, nikaona bora niandike yote hapa mara moja, uzuri wake na ubaya wake. Na mtanisamehe nitachanganya na mambo ya shule, maana kwangu baiskeli hii na kazi ya ualimu vimeshaungana, siwezi kusimulia kimoja nikakiacha kingine.

Baiskeli zenyewe ni zile zinazoshushwa na makontena kutoka Japani, huko walikuwa wanatumia akina mama kwendea sokoni na kupelekea watoto shule. Tairi inchi 26, nyembamba (ile saizi ya 26 x 1 3/8), fremu imeinama katikati kwa hiyo unapandisha mguu bila kuurusha juu, mbele kapu la waya, nyuma karia, stendi ya miguu miwili inayoisimamisha wima kabisa, dainamo ya taa na kufuli la duara limefungwa palepale kwenye tairi la nyuma. Yangu ina rangi ya maziwa, maandishi ya kampuni yalishafutika. Nimeinunua Ngamiani kwa laki moja na themanini, muuzaji alianzia laki mbili na nusu tukavutana hadi tukaelewana, kwa hiyo ukiambiwa bei ya kwanza usiishike kama ndiyo hiyo.

Tanga ni mji wa baiskeli, hilo halina ubishi, ardhi tambarare na mitaa imenyooka, mzee wa kanzu anaenda msikitini na baiskeli, muuza samaki yuko na baiskeli, fundi seremala na mbao zake yuko na baiskeli. Lakini nyingi tulizokua nazo ni zile ndefu aina ya Phoenix, tairi 28, breki za vyuma na paipu ya juu katikati. Sizisemi vibaya hata kidogo, kwa kubeba gunia la mkaa au madumu ya maji hazina mpinzani. Ila mwanamke aliyevaa sketi ndefu au baibui na ile paipu ya juu haviendani, na cheni iko wazi, ukijisahau kidogo pindo la nguo limeshaingia kwenye meno na hapo ushachanika na grisi juu.

Hapa ndipo hii ya Kijapani ilinishika moyo. Cheni imefunikwa na kava zima kuanzia mbele mpaka nyuma, na madigadi ni marefu, hata siku ya mvua matope yanaishia chini. Nafika shule nguo safi kama nilivyotoka nyumbani, naingia mstarini moja kwa moja. Kwa mwalimu wa kike hilo si jambo dogo, maana watoto wanakuangalia kuanzia unapoingia getini.

Sasa hesabu ya hela. Kutoka kwangu Makorora hadi shuleni bodaboda ilikuwa elfu moja kwenda na elfu moja kurudi, siku za kazi kwa mwezi weka 22, hiyo ni elfu arobaini na nne inaondoka kwenye mshahara kabla hujanunua hata unga. Kwa hiyo miezi minne na kidogo baiskeli imeshajilipa yenyewe, na baada ya hapo gharama ni viraka na mafuta ya cheni. Mwalimu anayeanza kazi leo anakimbilia mkopo wa pikipiki, mimi namwambia mdogo wangu subiri kwanza, kama shule yako iko ndani ya kilomita saba nane na njia ni ya lami, anza na hii, mkopo utakukuta tu mbele ya safari.

Kapu lina kazi moja kubwa, nayo ni daftari. Darasa langu limezidi wanafunzi tisini, kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, sasa piga picha hapo. Wengi wanalaumu elimu bila ada kwamba ndiyo iliyojaza madarasa tangu Januari 2016. Ni kweli tulijaa, lakini mimi naitetea popote pale na nitaendelea kuitetea, kwa sababu nilikuwepo kazini kabla yake na niliona watoto wanarudishwa nyumbani kwa michango ya elfu mbili tatu, mtoto anaondoka analia na wengine hawakurudi tena. Bora nihangaike na tisini waliopo kuliko nifundishe arobaini kwa starehe huku wenzao wako baharini wanavua au wako nyumbani wanalea wadogo zao. Kilichobaki ni madarasa na walimu viongezwe, na hili nalo lisemwe kila siku bila kuchoka.

Basi nusu ya daftari zinaingia kwenye kapu na nusu nafunga kwenye karia na mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, zinakaa kimya mpaka nyumbani. Nasahihisha usiku. Kuna mtindo wa kusahihisha ubaoni kwa pamoja, watoto wanabadilishana daftari wanawekeana vema, naelewa kwa nini walimu wanafanya hivyo, wingi unachosha, lakini ukiishia hapo huwezi kujua nani kakosea wapi. Mtoto akiandika 3/4 + 1/4 = 4/8, hilo kosa lina maelezo yake, anajumlisha juu kwa juu chini kwa chini, na ukishaliona unajua kesho uanzie wapi naye. Vema na kosa peke yake havikuambii kitu. Ndiyo maana nasema kapu kubwa ni la lazima, usikubali muuzaji akuuzie iliyotolewa kapu halafu akakuambia utatafuta lingine, ya madukani mengi ni mepesi, yanashuka chini yakipata uzito na kuanza kusugua tairi.

Sasa nije kwenye kitu ambacho hakuna muuzaji atakuambia. Hii baiskeli ni zana ya kufundishia bora kuliko nyingi nilizowahi kutengeneza kwa maboksi na manila.

Tulikuwa kwenye mzingo wa duara na darasa la saba, ile kanuni ya pai mara kipenyo wanaiimba wote, ukiwauliza pai ni nini wanakujibu ishirini na mbili ya saba, ukiwauliza ishirini na mbili ya saba ya nini kimya. Nikaitoa baiskeli chini ya mwembe nikaigeuza, nikawapa kamba ya katani (Tanga hii kamba ya katani haikosekani) wakapima kipenyo cha tairi wakapata sentimita 66. Haya, pigeni hesabu, 66 mara 22 gawanya kwa 7, wakapata 207 na nukta. Kisha nikaisimamisha, tukaweka alama ya chaki kwenye tairi na alama nyingine chini kwenye sakafu ya veranda, mwenzao mmoja akapanda nikamshikilia, tukaisukuma taratibu mpaka ile chaki ikarudi chini tena, wakapima kwa rula ya mita. Wakapata 204. Kundi jingine likarudia wakapata 203.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza, kila mmoja anasema mwenzake hajui kupima. Kijana mmoja, huyu jioni huwa anakaa na mjomba wake anayetengeneza baiskeli, akainama akaibonyeza tairi na kidole gumba akasema, "Madam, upepo mdogo. Mtu akikaa inabonyea, kipenyo kinapungua." Tukaenda kuazima pampu kwa jirani wa shule, tukajaza mpaka tairi likawa gumu, tukarudia, safari hii ikaja 206 na kitu. Sikumfundisha mimi hilo. Na huyu kijana kwenye mitihani ya kuchagua herufi anapata alama za kusikitisha, kwa sababu kusoma kwake ni kwa polepole, muda unaisha yuko katikati. Mimi nasema kwa dhati mtoto huyu anajua hisabati, na mfumo wetu wa kupima bado haujapata namna ya kumwona.

Siku iliyofuata tukahesabu meno. Yangu mbele ina 32 na nyuma 16, kwa hiyo ukizungusha pedeli mara moja tairi linazunguka mara mbili, uwiano wa mbili kwa moja umeuona kwa macho na ukaushika na mikono ukatoka na grisi. Mzunguko mmoja wa pedeli ni kama mita nne na sentimita 14, haya kilomita moja ni mizunguko mingapi, wakapiga wakapata kama 240. Zamani mafumbo ya uwiano yalikuwa yanawapa shida sana, baba ana ng'ombe, mama ana mbuzi, wanagawana kwa uwiano wa kadhaa kwa kadhaa, hawaoni kinachoendelea. Sasa nikiandika 2:1 ubaoni wananiambia wenyewe mbele na nyuma.

Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu unasisitiza umahiri, mtoto aweze kufanya kitu na siyo kukariri tu, na mimi nauunga mkono kwa moyo wote. Shida ninayoiona kwenye semina na vikao ni kwamba neno zana limekuwa linasubiriwa kama vile litakuja na gari kutoka Dodoma. Vifaa vya maabara na vitabu ndiyo, hivyo viletwe na tuvidai. Lakini mlango, dirisha, ndoo, mizani ya muuza dagaa na baiskeli ya mwalimu vipo leo, andalio la somo linaweza kuanzia hapo. Ila pia nisiwe mnafiki kwa wenzangu, mwalimu aliyeshuka kwenye daladala amesimama njia nzima, ana vipindi saa zote na hajanywa chai, ukimwambia atoe darasa nje apime tairi na watoto tisini atakuona humtakii mema. Kwa hiyo ubunifu unataka pia mwalimu apunguziwe mzigo.

Na hapo ndipo linapokuja suala la kupumzika, ambalo walimu hatuliongelei kabisa. Mimi jioni nikishamaliza kusahihisha mafungu mawili matatu natoka na baiskeli, napita Chumbageni, nazunguka mbele ya Hospitali ya Bombo nashuka mpaka Raskazone, bahari iko pale upande wa kushoto, kisiwa cha Toten kinaonekana ghubani, upepo unakupiga usoni, vijana wanaogelea. Sipeleki simu. Sio mazoezi ya kupunguza mwili, ni starehe tu, na kichwa kikitulia ndiyo mawazo ya kesho yanakuja yenyewe, hata ile ya kamba ya katani nilipata nikiwa njia hiyo.

Jumamosi nyingine tunakwenda mbali walimu wawili watatu wenye baiskeli, Mapango ya Amboni pale Kiomoni ni kilomita nane tu hivi kutoka mjini, au tunapitiliza mpaka yale maji moto ya Galanos yanayonuka kiberiti. Tukijisikia nguvu tunashika barabara ya Pangani hadi Tongoni, kama kilomita 17, kuangalia ule msikiti wa kale uliobomoka na makaburi yake ya mawe. Na kila nikienda naumia roho kwa jambo moja, kwamba wanafunzi wangu wengi waliozaliwa Tanga hawajawahi kuingia Amboni. Wanasoma kwenye kitabu kwamba mapango ya chokaa yanatokana na maji kuyeyusha mwamba, wanachora, wanapata vema, na pango lenyewe liko hapo wanakaribia kuliona. Nauli ya basi la kukodi ndiyo inayozuia. Kama kuna mzazi mwenye Coaster anasoma hapa, shule yoyote ya jirani yake itamshukuru sana kwa Jumamosi moja tu ya mwaka.

Kuhusu tuisheni najua nitagusa wengi. Mtoto anatoka shule saa tisa au kumi, anaingia tuisheni mpaka magharibi, Jumamosi tuisheni, likizo tuisheni, acheze saa ngapi? Sifundishi tuisheni, na wazazi wamenishangaa kwamba naacha hela. Simlaumu mwenzangu anayefundisha, maisha ni magumu na mshahara unajulikana. Lakini nimeona watoto wanaokuja asubuhi wamechoka kuliko mimi, na nimeona waliocheza rede na kombolela jioni wanakuja na macho yamechangamka, ninachosema nakisema kwa kile ninachokiona darasani. Muda wa kucheza ni haki ya mtoto na wa kutembea na baiskeli ni haki ya mwalimu.

Turudi kwenye chombo chenyewe, maana nimeahidi na ubaya. Kwanza breki ya nyuma. Ni ile ya mkanda unaobana ngoma, siyo raba za pembeni, na inapiga kelele kwelikweli, mtaa mzima unajua mwalimu kafika. Ikiloa mvua inalegea, kwa hiyo masika inabidi uanze kukamata mapema na utumie na ya mbele pia taratibu. Fundi anaweza kubadilisha mkanda kelele zikapungua, ila haziishi kabisa.

Pili tairi. Saizi hii siyo ile iliyojaa kila duka, Phoenix unapata tairi mpaka kijijini lakini hii inabidi uulize maduka mawili matatu ya Ngamiani, na fundi asiyejua atakulazimishia tyubu ya baiskeli ya mlima, inajikunja ndani halafu inapasuka ikiwa imejikunja. Mimi niliponunua tu nikanunua na tairi moja ya akiba nikaiweka chini ya kitanda. Na tairi ni nyembamba, kwenye lami ni raha tupu, kwenye mchanga wa pwani unashuka na kusukuma. Kama shule yako iko ndani ndani huko njia ya vumbi na mawe, nakushauri chukua Phoenix, usijitese.

Tatu kutu. Bahari yetu haina huruma na chuma, spoku na ringi zikikaa bila kufutwa zinaanza madoa mekundu haraka. Kitambaa chenye mafuta kidogo kila wiki, na usiilaze nje. Lile kufuli la duara nalo ni zuri kwa dakika tano za dukani, lakini kwa kuacha muda mrefu nunua mnyororo ufunge kwenye nguzo, maana mtu mwenye nia mbaya ananyanyua baiskeli nzima anatokomea nayo.

Dainamo inafanya kazi ila inaongeza uzito wa kukanyaga, utasikia kabisa mguuni. Mimi naiwasha giza likiingia bila kubishana, kwa sababu bodaboda wetu wengine wanapita kwa kasi na lazima wakuone.

Fundi ninayemtumia anakaa chini ya mwarobaini pale Ngamiani, mzee wa makamo, jina lake sitaliweka hapa. Huyu ukimpelekea gurudumu linalogonga anafungua ekseli, anamimina gololi kwenye kifuniko cha kopo, anaziosha na mafuta ya taa moja moja, anazikagua kwenye mwanga, iliyolika anaitupa, ndipo anaweka grisi mpya na kufunga. Kiraka mia tano, na akiona tyubu imechoka anakuambia ukweli kwamba viraka vya nini tena, kanunue. Vijana wawili watatu huwa wamekaa naye wanajifunza, wanapangiwa kazi kwa hatua, kwanza kufungua tairi, halafu kiraka, halafu ndiyo kunyoosha ringi, hakuna anayeruka. Nimekaa pale nikamwangalia nikajifunza kuhusu kufundisha kuliko semina kadhaa nilizohudhuria.

Jambo jingine nawaomba wazazi. Wasichana wanaoingia kidato cha kwanza na shule iko mbali, hii baiskeli ni saizi yao. Siti inashuka, fremu iko chini, sare haichafuki, na anarudi nyumbani kabla ya giza. Nimesikia kauli kwamba msichana na baiskeli haipendezi. Kinachonitisha mimi ni msichana anayetembea saa nzima peke yake alfajiri, au anayepewa lifti na asiyemjua. Kama una laki moja na themanini na unapanga kumnunulia simu, tafadhali geuza hiyo hela.

Kwa ujumla naipa nane kwa kumi, mbili nimekata kwa breki na kwa tairi.

Ukienda kununua usiende jioni taa za duka zinapodanganya macho, nenda asubuhi. Inua gurudumu la mbele ulizungushe, ringi isiyumbe kushoto na kulia. Shika pedeli uivute pembeni, ikicheza jua beringi za katikati zimekwisha na hiyo ni kama elfu kumi na tano nyingine. Angalia pale chini ya fremu karibu na pedeli, kutu ikiwa imekula mpaka rangi imevimba achana nayo hata kama inang'aa kwingine kote. Kufuli la duara lazima lije na funguo, bila funguo mwambie apunguze bei au alitoe kabisa kabla hujalipa. Na panda uijaribu mpaka mwisho wa mtaa, muuzaji anayekataa usimpe hela yako.